Kondo husema kabla ya presha

Saa mbili na nusu asubuhi, benchi la kliniki ya wajawazito limejaa. Muuguzi anachovya kijiti ndani ya kikopo cha mkojo, anakitoa, anakigonga ukingoni ili tone lidondoke, kisha anakilaza kando ya vimraba vya rangi vilivyochapwa ubavuni mwa chupa. Anatazama saa ya ukutani, anasubiri dakika moja. Kimraba cha protini kimeanza kuacha unjano na kuelekea kijani. Si kijani cha kutisha. Muuguzi huyu atakiita plasi moja, mwenzake wa zamu ya mchana angesema ni kivuli tu.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Kinagonga tangu juzi, dada. Lakini sijalala vizuri, na jua nalo kali."

"Macho je? Unaona vimulimuli?"

"Hapana. Labda mara moja tu, nilipoinuka."

Presha ni 138 kwa 88. Mimba ni ya wiki 31, kwa hesabu ya hedhi ambayo mwenyewe anaikumbuka kwa kukisia. Ni uzao wa kwanza. Kwao ni mwendo wa saa mbili, bodaboda kisha daladala.

Nimekaa mbele ya kadi kama hiyo mara nyingi, na swali huwa lile lile: alazwe au arudi nyumbani? Vitabu vinataka presha ifike 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili ya kiungo kingine kuumia, ndipo tuseme huyu ana ugonjwa unaotangulia kifafa cha mimba. Mama huyu yuko mlangoni mwa namba hizo. Wapo wa aina yake waliorudi nyumbani, wakajifungua salama miezi miwili baadaye. Wapo pia walioletwa usiku wa pili wakiwa wanadegedega, ndugu wakisema kapandwa na mashetani. Nikiitazama kadi peke yake sina namna ya kuwatenganisha.

Hapo ndipo utafiti wa viashiria vya damu katika ujauzito ulipoleta jambo la maana kuliko yote yaliyoletwa kwenye fani hii tangu nianze kazi, na ndiyo sababu naandika safu hii. Kiashiria ni kitu chochote mwilini kinachopimika na kutueleza hali ambayo jicho halioni. Kadi ya kliniki imejaa viashiria tayari: wingi wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI, sukari. Hata kile kipimo cha mimba kinachouzwa duka la dawa kinasoma homoni ya hCG, inayotoka kwenye chembe zitakazokuwa kondo la nyuma. Kifafa cha mimba ndicho kilichobaki bila kiashiria chake chenyewe. Kwa miongo mingi tumekuwa tukipima moshi, yaani presha na protini, ilhali moto unawaka kwenye kondo.

Mimba inapokwenda vizuri, chembe za kondo huchimba ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa midogo ya damu ya mama iliyojiviringa kama springi, mpaka iwe mipana na legevu, damu ipite kwa wingi na kwa upole. Kazi hiyo hufanyika mapema, nyingi ikiwa kabla ya wiki ya 20. Kwa baadhi ya wanawake uchimbaji huishia njiani. Mishipa hubaki myembamba na kondo hukosa hewa ya kutosha. Kondo lenye njaa humwaga ndani ya damu ya mama protini iitwayo sFlt-1 kwa kiasi kisicho cha kawaida.

Protini hiyo hufanya kazi kama sifongo. Kuta za mishipa ya damu ya mama, za figo, za ini, za ubongo, huhitaji vichocheo viwili vya kuzitunza, VEGF na PlGF. Hiki cha pili hutoka kwenye kondo lenyewe, na katika mimba yenye afya huzidi kupanda hadi karibu wiki ya 30, kisha hushuka taratibu. sFlt-1 ikiwa nyingi huvinyonya vyote viwili. Mishipa ikikosa matunzo hukaza, na presha hupanda. Chujio za figo huvuja, na protini huonekana kwenye mkojo. Ini huuma, na mama hulalamika maumivu chini ya chembe cha moyo. Ubongo huvimba, na hapo ndipo vimulimuli na degedege.

Aliyefungua fundo hili ni daktari wa figo, Ananth Karumanchi, na wenzake huko Boston, Marekani. Mwaka 2003 walionyesha kwamba panya wenye mimba wakiongezewa sFlt-1 hupata presha, protini kwenye mkojo na figo zilizoumia kama za mama mwenye ugonjwa huu. Ushahidi mwingine ulikuwapo wodi za saratani: dawa ya bevacizumab, inayozuia VEGF ili uvimbe ukose damu, huwaletea baadhi ya wagonjwa presha na protini kwenye mkojo, hata wanaume ambao hawakubeba mimba hata siku moja. Nilipousoma ushahidi huo wa dawa, mashaka yangu yote kuhusu sFlt-1 yaliisha.

Swali likawa: kondo huanza kusema lini? Mwaka 2004 watafiti walikwenda kwenye friza. Walichukua damu iliyohifadhiwa kutoka utafiti wa zamani wa madini ya kalsiamu kwa wajawazito wa Marekani, wakalinganisha wanawake 120 waliougua na 120 ambao hawakuugua. sFlt-1 ilikuwa imeanza kupanda wiki tano hivi kabla ya presha kupanda. PlGF ilikuwa imeshuka mapema zaidi. Wiki tano! Mama bado anafua, anauza genge, anaambiwa kuvimba miguu ni kawaida ya mimba, na damu yake imekwisha kusema.

Ugunduzi wa maabara, hata uwe mzuri, haujawa kipimo mpaka ujaribiwe kwa wanawake halisi wenye mashaka halisi. Majaribio ya namna hiyo yamefanyika, na hapa naomba msomaji avumilie tarakimu, kwa kuwa ndizo zinazoamua.

Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi 14 ulioitwa PROGNOSIS. Wanawake waliokuwa na dalili za kutiliwa shaka, kati ya wiki ya 24 na ya 37, walipimwa uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF. Uwiano ukiwa 38 au chini yake, uhakika kwamba mama hataugua ndani ya wiki moja ulikuwa asilimia 99.3. Kwa lugha ya wodini, katika kina mama elfu wenye uwiano mdogo, takriban saba tu wataugua ndani ya siku saba. Upande wa pili hauna nguvu hiyo. Uwiano ukizidi 38, waliokuja kuugua ndani ya wiki nne walikuwa asilimia 36.7, yaani zaidi kidogo ya theluthi. Anayekiuza kipimo hiki kama mtabiri wa kifafa cha mimba anapotosha. Ubora wake ni katika kusema "bado", na kulisema neno hilo kwa uhakika ambao mimi na kijiti changu hatuna.

Uingereza ikauliza swali la pili: daktari akipewa jibu hilo, mama anafaidika? Katika utafiti wa PARROT uliochapishwa mwaka 2019, hospitali 11 zilianza kwa kupima PlGF na kulificha jibu, kisha moja baada ya nyingine zikaruhusiwa kuliona. Muda wa kufikia utambuzi ulishuka kutoka siku 4.1 hadi 1.9. Madhara makubwa kwa kina mama yalishuka pia, kutoka kama asilimia 5 hadi 4. Siku mbili zinaweza kuonekana ndogo kwenye jedwali. Katika ugonjwa huu, siku mbili zinatosha kumpandisha mama gari la wagonjwa na kumfikisha penye damu ya akiba na chumba cha upasuaji. Zinatosha pia kumpa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto anayelazimika kuzaliwa njiti. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilikuwa imekwisha kuvikubali vipimo vya aina hii mwaka 2016. Marekani iliruhusu cha kwanza Mei 2023.

Nisipotaja Ireland nitakuwa nimeficha. Huko walirudia jaribio la namna hiyo katika hospitali saba, na matokeo ya mwaka 2021 hayakuonyesha nafuu iliyo wazi kwa mama wala kwa mtoto. Wapo waliokimbilia kusema kipimo hakina maana. Mimi nasoma tofauti. Kipimo kinasaidia kwa kadiri ya pengo kinalolikuta. Hospitali inayomlaza kila mwenye mashaka, inayompima kila siku, ambako bingwa humwona asubuhi na jioni, tayari inaona mengi bila kipimo. Hospitali yenye kitanda kimoja kwa wazazi wawili ndiyo yenye pengo, nayo ndiyo ambayo majaribio haya hayajaigusa vya kutosha.

Basi tuje kwetu, na tuje kwa Muheza.

Wengi hawajui kwamba protini hiyo hiyo ya Boston ilipimwa pia wilayani Muheza, mkoani Tanga. Watafiti wa malaria katika mimba, akiwamo Mtanzania Theonest Mutabingwa, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa kina mama waliojifungulia hospitali ya huko. Vimelea vya malaria hupenda kujificha ndani ya kondo, hasa la mimba ya kwanza, kwa sababu mwili wa mama haujajenga kinga dhidi ya vimelea vya aina hiyo. Kwa kina mama hao wa uzao wa kwanza wenye malaria ya kondo, presha ya juu ilikwenda pamoja na wingi wa sFlt-1. Kwa maneno mengine, malaria inaweza kulifanya kondo lipige kelele ile ile ya kifafa cha mimba.

Fikiria maana yake kwa namba 38. Namba hiyo ilipatikana kwa wanawake ambao wengi wao hawakuishi na malaria, na waliopimwa kwa ultrasaundi mapema hata wiki zao zikajulikana. Kwa sababu PlGF hupanda na kushuka kufuata umri wa mimba, kiwango kile kile kinaweza kuwa salama wiki ya 36 na kikawa cha hatari wiki ya 26. Mama wetu aliyekisia hedhi yake anaweza kuwa na wiki 31 au 27. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2016 kila mjamzito apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Bila hiyo, tutanunua mashine ya bei kubwa itusomee jibu tusiloweza kulitafsiri. Hoja yangu si kwamba kipimo hakitufai. Kipimo kinatufaa sana, lakini mpaka wa 38 lazima upimwe upya katika damu ya Muheza, ya Kilifi, ya Kisumu, ya Bujumbura.

Kazi hiyo imeanza, na inanipa moyo. Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kina mama wa Mariakani na Rabai wamo ndani ya mtandao wa utafiti wa PRECISE, pamoja na wenzao wa Gambia na Msumbiji, wakifuatiliwa tangu mimba hadi baada ya kujifungua ili kondo la mwanamke wa Kiafrika lieleweke lilivyo, katika mazingira yake. Huko Pemba, maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, iliyopo Wawi nje kidogo ya Chake Chake, ni miongoni mwa vituo vitatu vya hazina ya sampuli ya utafiti wa AMANHI. Viwili vingine viko Sylhet, Bangladesh, na Karachi, Pakistan. Maelfu ya kina mama wa Kipemba walitoa damu na mkojo wakati wa ujauzito, kondo zikachukuliwa vipande baada ya kujifungua, na hata kina baba wakaombwa mate. Vyote vikagandishwa kwa ajili ya maswali ambayo wakati ule hakuna aliyejua kuyauliza.

Mwaka 2020, sehemu ndogo ya hazina hiyo ilitumika katika uchunguzi ulioongozwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao: kina mama 81 kutoka Pemba, Bangladesh, Pakistan na Zambia, 39 waliojifungua njiti na 42 waliofikisha miezi yao. Kompyuta zilipewa maelfu ya molekuli za damu na mkojo zitafute mpangilio unaotangulia uzazi wa mapema, na mpangilio ulionekana. Ni kazi nzuri. Lakini 81 ni wachache, na mpangilio uliopatikana kwa wachache huvunjika mara nyingi ukipelekwa kwa wengi. Gazeti likiandika kwamba tone la damu sasa linatabiri njiti, msomaji ajue kwamba tone hilo bado liko maabara.

Kinachonikera ni mwendo wa upande mmoja. Damu huondoka Pemba kwa urahisi kuliko kipimo kinavyorudi Pemba. Azimio la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti wa tiba tangu mwaka 1964, linataka jamii inayoshirikishwa iwe na nafasi ya kunufaika na kilichopatikana. Mwanamke aliyetoka Konde au Micheweni akanyoosha mkono wake uchomwe sindano hakufanya hivyo ili binti yake aje kupimwa kwa kijiti kile kile cha kubishaniwa rangi, wakati mjamzito wa London anapata jibu la PlGF siku ile ile.

Mtu atasema: hatuna hata mashine za presha za kutosha, tutaanzaje na protini zenye majina ya herufi na tarakimu? Hoja hiyo naiheshimu kwa sababu ni ya kweli. Zipo zahanati ambazo mashine ya presha imekufa betri, na zipo ambazo vijiti vya mkojo viliisha muda wake kabla ya mwaka kwisha. Sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo utafiti wa Magpie uliohusisha wanawake 10,141 wa nchi 33 ulithibitisha mwaka 2002 kwamba hupunguza hatari ya kifafa kwa nusu, nayo kuna siku haipo kabatini. Tanzania imeshusha vifo vya uzazi kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja, katika takwimu za mwaka 2015/16, hadi 104 katika zile za mwaka 2022, na haikufanya hivyo kwa sFlt-1. Ilifanya kwa vitu vya kawaida vilivyofika mahali pake.

Ila nakataa kwamba ni lazima kimoja kisubiri kingine. Kipimo cha PlGF hakihitajiki kila zahanati. Kinahitajika pale uamuzi wa kulaza, kuzalisha au kurudisha nyumbani unapofanyika, yaani hospitali za mkoa na za rufaa. Sampuli za kupima wingi wa VVU tayari husafirishwa kutoka vituo vya vijijini hadi maabara kubwa, na majibu hurudi. Njia hiyo hiyo inaweza kubeba kichupa cha damu ya mama mwenye mashaka. Akikutwa na uwiano mdogo, kitanda kinabaki kwa anayekihitaji, na mtoto hazalishwi njiti kwa hofu ya daktari. Akikutwa na uwiano mkubwa, rufaa inaanza mchana, barabara ikiwa inapitika.

Na viashiria vikishamtambua aliye hatarini mapema, tuna cha kumpa. Utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017 ulitumia historia ya mama, presha, ultrasaundi na viashiria vya damu vya wiki ya 11 hadi ya 14, kikiwamo PlGF, kuwachagua wenye hatari kubwa. Kati ya waliopewa aspirini miligramu 150 kila usiku hadi wiki ya 36, waliougua kabla ya miezi kutimia walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 ya wasiopewa. Aspirini! Dawa ambayo kila duka la dawa la mtaani linayo. Jijini Dar es Salaam nako, kina mama 11,000 wa uzao wa kwanza walishiriki utafiti wa kalsiamu uliochapishwa Januari 2024, na kiwango kidogo cha miligramu 500 kwa siku kikaonekana kutopitwa na kile kikubwa cha 1,500 katika kuzuia ugonjwa huu. Vidonge vichache maana yake ni gharama ndogo na mzigo mwepesi kwa mama. Jibu hilo limetoka kwa wanawake wetu wenyewe, na sioni sababu lichelewe kufika kwenye kliniki zao.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya, Bara na Zanzibar, itenge hospitali chache za mkoa, Pemba ikiwa ya kwanza, zianze kutumia kipimo cha PlGF chini ya uangalizi, kwa mipaka iliyohakikiwa kwa damu yetu, na matokeo yatangazwe hata yakiwa ya kukatisha tamaa. Wafadhili wanaokuja na friza zao waulizwe mapema, kabla ya sindano ya kwanza: kipimo kikipatikana, kitarudi hapa lini na kwa bei gani?

Na wewe dada unayesoma hii ukiwa na mimba, au wewe kaka unayemsindikiza mkeo: nenda kliniki kabla ya mwezi wa tatu kwisha, uliza kuhusu ultrasaundi na aspirini, na usiinuke kwenye benchi kabla presha na mkojo havijapimwa na kuandikwa kwenye kadi. Kichwa kikigonga siku mbili mfululizo, macho yakiona vimulimuli, au maumivu yakikaa chini ya chembe cha moyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.